Kiti Alichokalia Baba Mkwe

Kwa miaka saba Tusajigwe alichapa barua za watu akiwa amekalia kiti cha plastiki chekundu, aina ile inayokodishwa kwenye misiba, na kwa miaka saba hakuna aliyemwambia kwamba mgongo una kumbukumbu nyingi kuliko kompyuta. Steshenari yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba waliyopanga Kizwite, mjini Sumbawanga: kompyuta moja, printa moja, na mashine ya fotokopi iliyohitaji kubembelezwa siku za baridi, ambazo Sumbawanga ni karibu zote. Humo alichapa barua za kuomba kazi, mikataba ya kuuziana mashamba, ratiba za sherehe za kipaimara na mitihani ya shule. Wateja walimsifu kwa mikono yake myepesi. Mgongo haukusifiwa na mtu, nao mwezi wa kwanza mwaka huu ukaamua kujitambulisha.

Ulianza na maumivu madogo ya kiuno, yakapanda, yakashuka mguu wa kushoto, mpaka siku moja kalamu ikamwanguka na akaitazama tu pale sakafuni kama mali ya mtu mwingine. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema afanye nini asiyeweza kuinama.

Mumewe Ipyana, afisa mifugo, mtu mwema mwenye ushauri wa bure kwa kila kiumbe chenye miguu minne, alimshauri aweke mto. Akaongeza kwamba mama yake mzazi alikalia kigoda miaka sitini bila kulalamika. Tusajigwe alimkumbusha kwamba huyo mama alikuwa halalamikii jambo lolote, hata lile lililomuua. Kesho yake akaenda hospitali.

Pale alimkuta mtaalamu wa viungo aitwaye Salome, binti wa Kifipa mwenye vidole vigumu, ambaye alimbonyeza mgongoni, akamuuliza anafanya kazi gani na huwa anakalia nini, kisha akaguna. Dawa za maumivu angempa, alisema, lakini ugonjwa wenyewe ameuacha nyumbani na una miguu minne. Akamwandikia karatasi. Nyayo zikanyage chini zote mbili. Magoti yawe usawa wa nyonga. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti vipite vidole vitatu. Kile kibonde cha kiunoni kipate cha kukiegemeza. Viwiko viwe usawa wa meza.

“Na usinunue kwa macho, mama,” Salome alimwambia. “Kalia kila kiti dakika kumi, ukitazama saa. Macho ya watu yanapenda viti ambavyo migongo yao haivitaki.”

Baada ya kulipa ada ya binti yao Janeth, aliyekuwa bwenini, Tusajigwe alibakiwa na laki moja na nusu ya kiti. Akachukua futi ya fundi cherehani, akaikunja ndani ya pochi pamoja na ile karatasi, akaingia mjini.

Duka kubwa la samani lilikuwa la mtu mmoja aitwaye Vicent, naye alikuwa amevipanga viti kama serikali inavyopanga watumishi. Mbele kilikaa kiti cha karani, kifupi, hakina mikono. Nyuma yake kiti cha mkuu wa idara. Mwisho kabisa, juu ya zulia, kikiwa bado ndani ya nailoni, kilikaa kiti cha bosi: kirefu, cheusi, kinang'aa, na mto wa kichwa juu yake. Laki nne na nusu. Tusajigwe alikikalia ili asije akajilaumu. Miguu yake ikaning'inia. Kiunoni palikuwa na shimo ambalo ungeweza kuficha papai. Vicent alimhakikishia kwamba hicho hata mkurugenzi angekaa, naye akajibu kwamba mkurugenzi pengine ana miguu mirefu, au hana kazi ya kuchapa.

Akahamia cha bei yake, cha laki moja na ishirini, kizuri kwa macho, akaweka simu mapajani ahesabu dakika. Dakika ya kwanza raha. Ya tatu raha. Ya sita kiti kikaanza kushuka taratibu, bila kelele, mpaka kidevu cha Tusajigwe kikawa usawa wa meza ya maonyesho na Vicent akawa anamwangalia kutoka juu. Vicent alisema kinamzoea tu. Akauliza pia, kwa adabu zote, kama mama amekuja kununua au kupumzika. Alipita maduka manne namna hiyo. Kufikia Ijumaa mjini kulikuwa na habari za mwanamke anayekaa kwenye viti vya watu na kutazama saa.

Kilichomwokoa ni mteja. Mtu mmoja aliyeleta mkataba wa mahindi alimtazama anavyoinuka kwa awamu tatu, akamwonea huruma, akamwambia kwamba kule Laela mnunuzi wa nafaka aitwaye Flavian aliwahi kununua vitu vya ofisi moja iliyofungwa ng'ambo, vikaingilia mpakani Kasesya, na kwamba viti vingine bado vipo chini ya magunia. Tusajigwe alipanda basi siku ileile.

Kiti kilikuwa chini ya magunia kweli, na hakikuwa na sura. Cha kijivu, kimefifia, mkono mmoja umepasuka mpira, na mgongo wake haukuwa ngozi wala kitambaa bali wavu. Flavian aliona haya kukitoa. Alisema kwa nia njema kabisa kwamba hicho asingependa kumuuzia mtu mwenye heshima zake.

“Kina matundu, dada,” alisema. “Mtu mwenye ofisi atakaaje kwenye chekeche?”

Tusajigwe alikipangusa vumbi la mahindi, akakaa. Chini ya kiti palikuwa na vishikizo vinne, na vyote vinne vilifanya kazi. Akakishusha mpaka nyayo zikakanyaga. Akasogeza mgongo wa kiti mpaka ule wavu ukaingia kwenye kibonde cha kiuno na kutulia hapo. Vidole vitatu vikapita nyuma ya goti. Dakika kumi zikapita, zikafika ishirini, na mahali fulani katikati aligundua kwamba maumivu hayapo, na akashikwa na kilio ambacho ilibidi akizuie haraka, kwa kuwa ukilia huwezi tena kupatana bei. Akakunja uso. Akasema kimechakaa. Alikipata kwa laki moja na kumi, na mpaka basi linaondoka Flavian alikuwa bado anawasimulia wapagazi wake jinsi alivyouza chekeche. Vizuri vyajiuza, vibaya vyajitembeza, husema watu. Wanasahau vile vizuri vilivyolaliwa na magunia.

Zikafuata wiki tatu za neema. Ipyana alilalamika kidogo kwamba kiti hakifanani na pesa, akanyamaza alipoona mkewe anainama kuokota vitu. Jirani yao Tereza, mama wa Kifipa aliyeuza dagaa na migebuka dirisha la pili, alikuja kukitazama, akakaa, akazungushwa, akasema sasa anaelewa kwa nini watu wa maofisini hawatoki. Na mratibu wa elimu wa kata alileta kazi ambayo Tusajigwe aliingojea miaka yote saba: mitihani ya shule kumi na mbili, madarasa matano, imeandikwa kwa mkono na walimu ambao mwandiko wao ulikuwa adhabu kwa wanafunzi na kwa mchapaji pia. Ikikamilika Ijumaa ya pili, bila makosa, kazi hiyo ingekuwa yake kila muhula. Isipokamilika, kulikuwa na steshenari nyingine tatu barabara hiyohiyo.

Jumatano akaja baba mkwe.

Msomaji asiyetoka Rungwe inabidi aelezwe. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke hamtazami baba wa mumewe usoni, hamsalimii kwa mdomo, hakai naye chumba kimoja. Wakikutana njiani, mke ndiye anayeingia majanini. Siku hizi wengi wameyaacha hayo na wanacheka nayo. Ukoo wa Mzee Mbonile haukuyaacha na haukucheka. Tusajigwe alikuwa na miaka kumi na mitano ya ndoa na alikuwa hajui macho ya baba mkwe wake yana rangi gani. Alimjua kwa viatu, kwa kikohozi, na kwa mabega yake anapoondoka. Ingekuwa hivyo mpaka siku mzee mwenyewe atakapoamua kumfungulia mdomo, na kwa wanawake wengi wa ukoo ule siku hiyo ilikuja wakati mke au baba mkwe yuko ndani ya jeneza. Tereza hakuishiwa kushangaa. Kwao, alisema, baba mkwe unampa shikamoo, unampa kiti, unaendelea na shughuli zako.

Na kiti ndicho kilichokuwa tatizo, kwa sababu katika mambo hayo kuna moja dogo ambalo Tusajigwe hakuwahi kulazimika kulifikiria: pale alipokaa baba mkwe, mke wa mwanawe hakai.

Mzee alikuja kuona kiwanja alichonunua mwanawe, siku nne tu. Alipewa chumba cha Janeth na sofa kubwa ya sebuleni yenye vitambaa vya kufuma. Alhamisi asubuhi Ipyana akiwa kazini, Tusajigwe aliweka uji mezani, akagonga ukuta mara mbili kama ishara, akatoka kwenda kwa mratibu kuuliza juu ya swali la hesabu ambalo halikuwa na jibu. Aliporudi, akiwa bado barabarani, aliona kupitia mlango wa kioo mabega aliyoyajua. Mzee alikuwa ameingia kuangalia kazi ya mkwewe, akachoka kusimama, akakaa. Alikuwa ameegemea kabisa, mikono imelala juu ya mikono ya kiti, kichwa kimelala nyuma.

Tusajigwe alisimama pale barabarani na bahasha ya mitihani kifuani, akajua kwamba amekipoteza kiti chake, na hakuna mwizi wa kumshitaki.

Jioni Ipyana alileta habari kwa furaha. Baba anasema mgongo wake umemsumbua tangu enzi za kubeba magunia ya kahawa, na leo kwa mara ya kwanza umenyamaza. Baba anasema ataongeza siku. Tusajigwe akamuuliza kama amemwambia baba hicho ni kiti cha nani.

“Nimwambie nini?” Ipyana alisema. “Baba, umekaa vibaya?”

“Mwambie ni cha kazi yangu.”

“Ameshakaa, mama Janeth. Nikimwambia sasa, nitakuwa nimemwambia ainuke.”

Basi utaratibu ukawa huo. Kila asubuhi mzee alikikalia kiti mpaka saa nne, dukani pakiwa pamefungwa, kisha akatoka kwenda kutembea hadi sokoni, na Tusajigwe akafungua. Kuanzia saa nne kiti kilikuwa kitupu. Hakuna aliyemwona, hakuna ambaye angempiga faini. Lakini mkono wake ulipokisogelea, alimsikia mama yake mzazi, na bibi yake, na shangazi watano waliokufa zamani, wote wakiguna kwa pamoja. Akakivuta pembeni kwa heshima, akakitazamisha ukutani, akachukua kile cha plastiki chekundu. Wateja walimkuta anachapa kwa kujipinda huku kiti kizuri kikiwa wazi kando yake. Walipouliza kina nini, alijibu kwamba kina mtu. Mmoja alitoka bila kuchukua chenji.

Siku nne zikawa nane. Maumivu yalirudi na mizigo yao yote. Tusajigwe alikuwa na hasira, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba hakujua amkasirikie nani: mzee hakujua, mume hakuthubutu, na desturi haina ofisi ya kupeleka malalamiko. Kufikia Jumatano alikuwa amemaliza shule saba. Zilibaki tano na siku mbili.

Asubuhi hiyo mzee akiwa kitini, Tusajigwe aliingia korido ya nyuma kimyakimya kuvuta katoni ya karatasi. Katoni ilikuwa nzito. Mgongo ukamshika katikati ya kuinuka, na sauti ikamtoka kabla hajaizuia. Akajibanza nyuma ya pazia linalotenganisha korido na duka.

Kisha mzee akaongea, lakini si naye. Alipiga mkono wa kiti kidogo kwa kiganja, kama mtu anayemwamsha ng'ombe.

“Kiti,” alisema. “Humu ndani kuna mgongo mwingine mbali na wangu?”

Tusajigwe alifikiri haraka. Kumjibu baba mkwe haiwezekani. Kukijibu kiti, hakuna mkutano wa ukoo uliowahi kukataza.

“Kiti,” alisema kutoka nyuma ya pazia, “mwambie uliyempakata kwamba mgongo mwingine upo. Una miaka saba ya kuchapa.”

“Kiti, hebu niambie ulifikaje hapa,” mzee alisema.

Tusajigwe akakieleza kiti historia yake chenyewe. Akaanza na Salome na karatasi, akaja kwa Vicent na kiti kilichoshuka, dakika kumi kwa kila kiti, maduka manne, basi la Laela, magunia. Alieleza vidole vitatu nyuma ya goti. Alieleza kuhusu shule kumi na mbili na Ijumaa. Mwanzoni alinong'ona, na mwishoni alijikuta anakisemesha kiti kwa ukali kidogo, akikiuliza kama ni haki kukaa kitupu kuanzia saa nne huku mwenye shida anateseka kando yake.

“Kiti,” mzee alisema hatimaye, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeona haya, “siku saba nimekukalia na hukuniambia kitu. Sasa msikilize mzee. Mimi nilichokatazwa kuchangia na mke wa mwanangu ni kiti cha nyumbani. Wewe si kiti cha nyumbani. Wewe ni jembe. Mimi nikilishika jembe asubuhi, mke wa mwanangu hulishika mchana, na shamba halijawahi kukataa kuota. Mwambie akae.”

Akasimama, akafungua mlango wa barabarani, akatokea hapo bila kugeuka nyuma, ili njia iwe wazi. Ilikuwa hukumu ya kutungwa palepale, na shangazi watano wangeipinga vikali. Lakini mwenye mamlaka alikuwa ameshaitoa. Tusajigwe alikaa. Mzee alikuwa mrefu na alikuwa amekipandisha, hivyo ilibidi akishushe sana mpaka miguu ikute sakafu. Akachapa mpaka jioni. Ijumaa saa sita mchana mitihani yote ilikuwa kwenye bahasha, na mratibu, mtu asiyesifu, alisema muhula ujao waanze mapema.

Mzee hakukigusa tena kiti. Alirudi kwenye sofa yenye vitambaa, ambayo ukikaa inakumeza na ukitaka kutoka inabidi uombe msaada. Asubuhi Tusajigwe alimsikia kupitia ukuta akijaribu kuinuka, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha pumzi ndefu. Hakulalamika kwa mtu. Jumapili baada ya ibada akamwambia Ipyana kwamba kiwanja amekiona, kesho anarudi kwake Tukuyu. Tusajigwe alifurahi, na furaha hiyo ikamkera, kwa sababu alijua vizuri kabisa jinsi mgongo ule unavyouma.

Jumatatu mapema alipeleka nakala za mwisho kwa mratibu. Kutoka huko alipitia kwa Tereza, wakaenda pamoja stendi kumsindikiza mzee kama inavyompasa mke wa mwana: mbali kidogo, kanga kichwani, uso chini. Abiria walikuwa wanapanda. Akiwa ameinamisha uso aliona viatu vya mzee, viatu vya Ipyana, na kando yake, kwenye mlango wa buti la basi, magurudumu matano aliyoyajua, yamefungwa kamba ya katani. Kiti kilikuwa kimepinduliwa miguu juu kati ya ndoo za maharage.

Tereza alimshika mkono. Ipyana alikuwa amekuja nacho kwa bajaji. Usoni alikuwa na ile furaha ya mtoto mwema, na alimkonyeza mkewe kwamba wataongea.

Mzee Mbonile akageuka. Hakumwita mwanawe, wala hakuongea na kiti. Alitembea hatua nane kuelekea pale aliposimama Tusajigwe, na watu wa Rungwe waliokuwa kwenye basi, ambao walikuwa wengi, waliacha kugombania viti.

“Mama Janeth,” alisema. “Ipyana ameniambia umenipa kiti chako. Nimeishi miaka sabini na minne, nimepewa vitu na watu wengi, na vyote walikuwa hawavihitaji. Kuanzia leo usinifiche uso. Nisalimie.”

Miaka kumi na mitano. Tusajigwe alishusha kanga mabegani, akainua macho. Mzee alikuwa na macho ya kahawia, yamechoka, na yalimtazama kwa upendo. Hilo hakulitegemea.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu.”

Mama mmoja dirishani alifuta machozi. Lilikuwa limebaki neno moja tu la kufunga, safari njema, na kila mtu angekwenda nyumbani na hadithi nzuri. Ipyana alikuwa anamwomba kwa macho alitamke. Tusajigwe alijua akilitamka atapendwa Tukuyu nzima. Alijua pia kwamba kesho saa mbili atakuwa juu ya plastiki nyekundu, na muhula ujao shule kumi na mbili, na unaofuata. Alikuwa amepewa mdomo dakika moja iliyopita, na ulikuwa tayari umejaa.

“Baba,” alisema, “kiti sijakupa. Mwanao amekichukua bila kuniuliza.”

Ipyana akaanza kukagua tairi la basi kwa umakini wa kitaalamu. Mzee alimtazama mkwewe, akamtazama mwanawe, akarudi kwa mkwewe. Tereza alisema baadaye kwamba hapo yeye alikuwa anatafuta njia ya kukimbilia.

“Shusha kiti,” mzee alimwambia konda.

Konda akauliza kama ana uhakika, maana kufunga ile kamba kulimchukua robo saa. Mzee alikuwa na uhakika. Kisha akamwambia Ipyana sentensi moja ya Kinyakyusa, fupi, ambayo Tereza aliomba atafsiriwe na hakuna aliyemtafsiria. Ipyana akaenda mwenyewe kufungua mafundo.

“Nimeshakuambia uongee,” mzee alimwambia Tusajigwe. “Siwezi kukurudisha nyuma ya pazia kwa sababu neno lako la pili limeniuma. Mwezi wa sita nitakuja tena. Sofa yenu ile itaniua, lakini nitakuja.”

Akageuka kupanda. Alishika chuma cha mlango, akaweka mguu kwenye ngazi, akajaribu kujivuta, ikashindikana, akajaribu tena. Tusajigwe alijua hasa ni pingili gani ya mgongo iliyokuwa inamkatalia. Akauvuka umbali wa adabu, akamfuata hadi mlangoni.

“Baba,” alisema, “kutoka gotini mpaka chini una kiasi gani?”

Mzee akageuka, akidhani hakusikia vizuri. Tusajigwe akamweleza kwamba kiti hakinunuliwi kwa macho. Cha kwake ni cha mtu mfupi, hata mzee angepewa kisingemfaa sana. Mwezi wa sita bado miezi mitatu, na sasa mkwewe ana kazi ya kila muhula; kwa vipimo sahihi angeweza kuanza kutafuta.

Dereva akapiga honi. Mzee Mbonile alimwambia konda amwambie dereva asubiri. Akakaa kwenye ngazi ya basi, mbele ya abiria wote na wauza karanga, akanyoosha suruali yake ya Jumapili, akatanua kiganja gotini, na kuanza kujipima kuelekea chini polepole, kwa uangalifu wa mtu anayepima kiwanja.

“Shubiri mbili,” alimwambia mkwewe. “Na vidole vitatu. Andika usije ukasahau.”